Glasi ya Maji Maangavu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa nimezoea kuwasomea watoto wa darasa la kwanza nitasoma polepole, na atakayeachwa nyuma anyooshe mkono tu, nitarudia.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya reli, na kabla hajatimiza miaka mitano nyumba nzima ilikuwa ikimwita Mbona, maana hukuweza kumtuma chumvi dukani bila yeye kukuuliza mbona ya jana imekwisha. Alianza shule ya msingi Januari 1978, akaendelea na sekondari ya bweni, ambako aliipenda kemia hata mwalimu wake akawa anamfungulia maabara siku za Jumamosi, kisha akaisomea chuo kikuu na kuhitimu tarehe 22 Novemba 1996, siku ambayo baba alivaa koti la sufu kwenye jua kali na kukataa kulivua mpaka picha zilipokwisha.

Aliajiriwa chuoni hapo hapo kama mhadhiri, na tarehe 6 Juni 2011 chuo na kiwanda cha kutia rangi vitambaa, hiki kilicho ng'ambo ya mtaa wetu, vilitia saini ushirikiano wa kutengeneza mtambo wa kusafisha maji machafu, kwa sababu, mnakumbuka wenyewe, mfereji wetu ulikuwa mwekundu Jumatatu na buluu Jumatano, na wanafunzi wangu walichora mito ya zambarau wakidhani ndivyo mito ilivyo. Mtambo wake ulitumia matete na mkaa wa vifuu, haukula umeme mwingi, na maji yaliingia kama wino yakatoka maangavu kama machozi. Kila walipokuja wageni, na walikuja wengi, glasi moja ya maji hayo iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, naye akainywa mbele yao mpaka tone la mwisho, wakapiga makofi, na wafanyakazi wakampa jina la Bwana Glasi, wakamtania kwamba ipo siku ataamka na ulimi wa kijani. Mwaka 2014, kwa imani ya glasi hiyo, bomba lilifunguliwa kando ya geti la kiwanda, maji ya bure, nasi sote tukapanga ndoo.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999 na mshonaji aliyeketi hapa mbele, ambaye husema aliolewa naye akitumaini maswali yatapungua, akaula wa chuya, na Mungu akawajalia binti, mwaka 2002, ambaye sasa ni muuguzi, na mtoto wa kiume, mwaka 2007, aliyerithi kuuliza.

Mwezi Agosti 2021 viatu vyake vilianza kukataa miguu asubuhi, tukasema ni uzee, yeye akasema ni viatu, daktari akasema ni figo, na hapo Mbona wetu akauliza swali ambalo mkataba haukuwahi kuliuliza. Mkataba ulitaka kipimo cha rangi tu, kwa kuwa ni rangi tuliyoilalamikia, basi miaka yote ikapimwa rangi, na alipoyapeleka maji yale kwenye maabara nyingine, mbali na hapa, akaambiwa rangi imetoka kweli, lakini madini mazito yanayoishikiza kwenye nguo yamebaki humo, hayaonekani, hayana ladha, wala kuyachemsha hakuyatoi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Alikwenda kiwandani, akaelezwa kwa heshima kwamba utaalamu wa mtambo ni wa chuo, akaenda chuoni, akaelezwa kwa heshima kwamba bomba ni la kiwanda, wote wakamwonea huruma, wakamletea kadi yenye maua, na bomba likaendelea kutiririka. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 9 Januari mwaka huu, na siku moja, sauti ikiwa imeshapungua, alinishika mkono akaniambia, “Dada, wakisimama kunisifu, waulize tu, ni nani anayeinywa ile glasi sasa?” Alifariki tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Nimeuliza kama nilivyotumwa. Ninachojua ni kwamba wageni wengine wanatarajiwa kiwandani Alhamisi, na kwamba mhadhiri aliyeshika nafasi yake, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye yupo nasi hapa, ameshaambiwa avae koti jeupe lililopigwa pasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo kwa uvumilivu wao, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa chuo na wa kiwanda, waliotoa magari na shada kubwa kuliko yote, na inawashukuru majirani, ambao tangu msiba uanze hawakutuacha hata kidogo, na leo wameamka mapema wakainjika masufuria makubwa. Mimi nilifika jikoni chai ikiwa imeshagawiwa, nikauliza maji yametoka wapi, wakanijibu kwa upendo, “Getini, Mwalimu, tuliona ingemfurahisha.” Maji ya mchana yanaletwa kwa gari kutoka mbali, tafadhali msiyachanganye na mengine, na wazazi wenye watoto wachanga ninawaomba msiondoke, tuzungumze kidogo tukishamaliza.

Pumzika kwa amani, Mbona wetu, swali lako limefika.