Mwalimu Aikaeli Nkya na Ijumaa Yake Isiyoazimwa

Tarehe 30 Juni 2026 Mwalimu Aikaeli Nkya wa Shule ya Msingi Mfongoni anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, karibu yote akiwa na watoto wa darasa la kwanza na la pili. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu darasa langu na lake yanatenganishwa na ukuta mmoja tu, na harufu ya kila kilichoingia darasani kwake nimeipata mimi kwanza. Nilipewa ukurasa mmoja. Nimechukua zaidi, na atakayelalamika aje anione.

Niseme mapema jambo lililomkosesha raha mwaka huu, maana bila hilo hamtamwelewa. Halikuwa pensheni, wala magoti yanayomsumbua akipanda mlima wa kanisani. Lilikuwa kipindi chake cha Sanaa cha Ijumaa, kile cha matunda na mboga. Kipindi hicho kimeandikwa kwenye ratiba ukutani, lakini sisi walimu tunafahamiana: Sanaa ndicho kipindi kinachoazimwa. Mtihani ukikaribia kinaazimwa na Hesabu, kikao kikiitishwa kinaazimwa na kikao, na kikishaazimwa hakirudi. Hapa Mfongoni hakikuazimwa kwa sababu Mwalimu Aikaeli alisimama mlangoni. Je, akiondoka atasimama nani?

Amezaliwa Machame, binti, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima wa kahawa na migomba, Walutheri wa kuwahi ibada ya kwanza. Kituo chake cha kwanza cha kazi, mwaka 1988, kilikuwa kule chini Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga. Huko alikuta watoto wanaochora matunda yote kwa namna moja. Chungwa lilikuwa duara lenye jani. Nyanya, duara lenye jani. Parachichi, duara lililovutwa kidogo, na jani lake. Hawakuwa wakichora tunda, walikuwa wakichora walichokiona ubaoni, na walimu wao nao walichora hivyohivyo kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa.

Jioni moja alikuwa nyuma ya nyumba ya walimu akikatakata bamia za mboga. Mtoto wa jirani akaokota kipande kilichodondoka, akakichovya kwenye tope la mfereji, akakigonga ukutani. Pakatokea ua zuri lenye pembe tano. Mwingine angemkaripia mtoto kwa kuchafua ukuta wa serikali. Yeye akampa bamia nyingine. Aliniambia kwamba usiku ule alipika mboga bila bamia, kwa sababu zote ziliishia ukutani.

Alihamia Mfongoni mwaka 2003 na akaja na kipindi chake kichwani. Vitabu vya ualimu vina maneno marefu kuhusu mguso katika sanaa. Yeye aliwaambia watoto kwamba kila kitu kina ngozi, na ngozi huonwa kwanza kwa vidole. Mtoto aliwekewa topetope chini ya dawati, asilione, aeleze anachokigusa. Kiswahili kikimkwama aliruhusiwa kueleza kwa Kichagga, kisha darasa zima likamtafutia neno. Baada ya hapo ndipo penseli ilipoguswa: vinundu vya topetope vinakuwaje kwenye karatasi? Makunyanzi ya pasheni iliyoiva? Mistari myembamba ya karoti? Mtoto aliyeleta duara lenye jani alirudishiwa karatasi yake kwa upole na kuambiwa ashike tena. Nimesema kwa upole, lakini alirudishiwa hata mara tano.

Sasa nije kwenye kisa cha kiazi. Mwaka 2009 aliwaagiza watoto kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja chenye ngozi ya kukwaruza. Msichana mmoja, Kindness, alitafuta nyumba nzima kitu kinachokwaruza kupita vyote, akakipata darini juu ya jiko: kiazi kikuu, kibaya cha sura, chenye manyoya ya mizizi. Darasa lilikishangilia. Kikakatwa vipande, kikachovywa kwenye rangi, kikapiga mihuri mizuri mno. Hakuna aliyejua kwamba kile kiazi kilikuwa mbegu, ya mwisho ya aina ile, aliyoiacha marehemu mke wa Mzee Anaeli Swai, babu yake Kindness. Mzee alikuwa akingoja mvua tu aipande. Na Mzee Anaeli, jamani, ndiye alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

Alifika shuleni Jumatatu yake asubuhi na hakuitikia shikamoo ya mtu. Alisema yasiyoandikika kwenye kijarida cha shule, na jioni yake kamati ikapiga marufuku chakula cha aina yoyote kuingia darasani. Kindness alichapwa nyumbani. Ijumaa iliyofuata alikaa na mikono yake chini ya dawati na hakukubali kugusa kitu, hata penseli. Hilo ndilo lililomuuma Mwalimu Aikaeli kuliko marufuku yenyewe.

Wenyeji wa huku wanajua kosa la namna ile linaendewaje. Mwalimu alikata jani la isale, akamwomba mwalimu mkuu wa wakati ule, Mwalimu Eliezeri, amsindikize, wakaenda kwa Mzee Anaeli. Anayeletewa isale hawezi kumfukuza mwomba msamaha, na Mzee hakumfukuza. Mwalimu alikuwa pia amebeba vile vipande vya kiazi, amevisugua rangi yote kwa maji ya uvuguvugu. Mzee alivitazama, akaagiza majivu, akavipaka pale vilipokatwa kama inavyotakiwa, akavipanda palepale pembeni mwa mti ambao mke wake alikuwa akipandia. Ndipo akasema, kama Mwalimu Eliezeri alivyotusimulia, "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini chakula darasani, hapana."

Mwalimu Aikaeli akajibu, "Asante kwa la kwanza, Mzee. Kwa la pili nitarudi."

Na kweli alirudi. Alirudi mwezi uliofuata akakataliwa, akarudi tena akakataliwa, akiwa na jambo jipya la kusema kila safari. Ubaya wa kugombana na mama huyu ni kwamba hakasiriki, anarudi tu. Mwishowe alikwenda na kikapu, akakimwaga uani kwa Mzee: maganda ya ndizi, magunzi, kisiki cha kabichi, kipande cha shina la mgomba lililokatwa kimshazari likaonyesha vijumba vyake vidogo vidogo. Hivi ndivyo vitakavyopakwa rangi, alisema, vinavyokwenda kwa ng'ombe kila siku. Na rangi yenyewe itakuwa udongo mwekundu, mkaa, manjano na maji ya bitiruti, ili ng'ombe naye apate haki yake baada ya kipindi. Tunda zima litashikwa na kuchorwa tu, nalo litarudi nyumbani jioni ileile likiwa zima.

Mzee alitoa muhula mmoja wa majaribio. Chakula kimoja kikipotea, basi, imekwisha. Ijumaa ya kwanza tu parachichi la mtoto aitwaye Lucky halikufika kwao. Mwalimu aliposikia hakungoja kesho. Alishuka sokoni Kwa Sadala na bodaboda kabla gulio halijafungwa, akanunua parachichi kubwa kuliko lile, akalipeleka mpaka mlangoni kwa mama yake Lucky na kuomba radhi. Lucky alikuwa amelila njiani, na kokwa ilikuwa mfukoni mwa kaptula yake. Tangu siku hiyo mwalimu aliwasindikiza watoto mpaka njia panda kila Ijumaa, na hakuna tunda lililopotea tena.

Vile vipande, vingine viliota. Mavuno yalipofika Mzee Anaeli alikuja shuleni mwenyewe siku ya Ijumaa, kiazi kikuu kimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Alikiweka mezani, akavuta kiti akaketi mlangoni, na hakubanduka pale mpaka kipindi kilipokwisha akakibeba kurudi nacho kwake. Kindness alikuwa wa kwanza kukigusa. Marufuku iliondolewa kwenye kikao kilichofuata, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetoa hoja.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa laini baada ya hapo. Kuna wiki ya fenesi, ambayo nzi wake walihamia kwangu. Kuna mgeni mmoja kutoka wilayani aliyeegemea ukuta ambao rangi yake haijakauka akarudi mjini Moshi na maua ya bamia mgongoni kwenye shati jeupe. Mwalimu Aikaeli aliomba radhi, ndiyo, lakini kwanza alimweleza kwamba mihuri imetokea vizuri. Kuna Filemon, mwanafunzi wake wa zamani na leo fundi plasta anayetafutwa mpaka mjini, aliyekuja kujitolea kulipiga plasta lile darasa. Mwalimu alimshukuru sana, kisha akamtaka upande mmoja auache na mikwaruzo ili watoto wapate cha kugusa. Filemon alitia ngumu, akisema jina lake litaharibika. Upande ule una mikwaruzo mpaka leo.

Mwezi Machi mwaka huu tulikaa kikao cha kupanga zawadi. Wengine walitaka sofa, wengine mtamba wa maziwa. Mjadala ulinoga hadi Mwalimu Aikaeli, ambaye hakutakiwa kuwepo, akaingia akasimama.

"Sofa ninayo, na ng'ombe ninao," alisema. "Nataka mtu."

Akakaa. Sote tukajua mtu wa nini. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Esther, alisema kipindi kitalindwa kama kuna atakayekibeba, na kama hakuna hawezi kudanganya, kitaazimwa. Kila mtu akakumbuka magoti yake, vipindi vyake, madaftari yake yasiyosahihishwa. Mkono ulionyooka ulikuwa wa Mwalimu Godlove Urassa, wa Hesabu darasa la saba na timu ya mpira, mtu mwenye vidole kama ndizi za kuchoma, ambaye kwa miaka alikiita kile kipindi gulio. Tulicheka tukidhani ni utani wake uleule. Hakuwa akitania. Alisema tu kwamba kipindi kikifa, yeye atakosa cha kutania.

Mwalimu Aikaeli hakumshukuru. Alimpa pasheni. Kuanzia wiki ile, kila alasiri baada ya masomo, Mwalimu Godlove alikaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu, akachora pasheni. Kupitia ukuta nilisikia neno moja tu, "Futa," kisha ukimya, kisha "Futa." Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alichora duara lenye jani kama mtoto wa Chekereni, akaambiwa afumbe macho ashike tena. Shule zilipofungwa kwa Pasaka alibeba pasheni nyumbani. Siku alipochora moja yenye makunyanzi ya kweli, Mwalimu aliishika ile karatasi kwa muda mrefu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akarudi akamwambia kesho ni karoti.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo, Mwalimu Godlove alifundisha peke yake. Mwalimu Aikaeli aliketi kwenye benchi la nyuma na mkoba wake mapajani. Mimi nilikuwa barazani nikijifanya natafuta chaki. Nilimwona akiinuka nusu pale mtoto mmoja aliposhika mkaa vibaya, akarudi kukaa, akaisukuma mikono yake chini ya mapaja akaikalia. Mwalimu Godlove alimfikia yule mtoto mwenyewe, akamfumba macho kwa kiganja chake kikubwa, akampa shina la mgomba alipapase. Mtoto akacheka. Darasa zima likataka kufumbwa macho.

Hapo Mwalimu Aikaeli akanyanyuka, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma, taratibu, huku kipindi kikiendelea. Nilidhani ameumia. Alinifikia machozi yakimtiririka, akanishika mkono kwa nguvu.

"Umeona, Mwalimu Flavia? Hakuna hata mmoja aliyegeuka."

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi ndefu, na mimi nililia pamoja naye bila aibu.

Mwalimu Aikaeli, asante. Asante kwa mikono ya watoto wetu, kwa safari zote za kwa Mzee Anaeli, na hata kwa nzi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, migomba yenye mikungu mizito na wajukuu wasumbufu kiasi. Maisha mema yakufuate huko Machame. Jumatatu hadi Alhamisi milango yetu iko wazi, njoo utusalimie wakati wowote. Ijumaa usije. Kipindi kina mwenyewe.

Mwalimu Flavia Massawe,
kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wote wa Mfongoni