Kimya Apewe Anayemwogopa

Msisogee kwanza, wanangu. Kaeni hapo hapo mlipo, mkubwa kwenye kiti chako, wewe dada yao karibu na mlango, na wewe Machachari shuka hapo dirishani ukae chini kama watu, mnisikilize kwa masikio na si kwa miguu, kwa maana Kimya yuko chini ya kitanda hiki na tangu jana hataki mtu anikaribie. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima. Nitasema polepole, wala msinikatize, kwani nikipaza sauti atadhani nimevamiwa, na hapo mambo yataharibika kabla sijamaliza.

Mengine ni mepesi kugawa. Nyumba ni yenu nyote watatu, asiiuze mmoja bila wenzake. Dada yenu aendelee kuishi humu na mtoto wake, maana mjane hafukuzwi kwao. Mashine ya kuchonga funguo achukue mkubwa, japo aliukimbia ufundi akaenda kuendesha malori. Pikipiki ni ya Machachari, na Mungu awalinde watembea kwa miguu. Lakini mbwa hakatwi vipande vitatu, na huyu ndiye ninayemwogopa kuliko hicho kifo kinachonichungulia.

Mnajua kilichomleta. Nyinyi mlikuwa mmeshatawanyika, kila mtu na maisha yake, wale watu walipokuja mchana kweupe, mmoja akaniambia kwa upole, "Fundi, nimepotewa na ufunguo, nichongee mwingine," nami niliyewafungia watu milango maisha yangu yote nikamfungulia wangu. Mama yenu walimpiga kichwani kwa kitako cha bunduki. Jeraha lilifunga, lakini usingizi ulihama nyumba hii; akawa anakula akiutazama mlango, anasali akiutazama mlango, kifuniko kikianguka jikoni yeye keshajibanza nyuma ya kabati, mtu mzima na mvi zake. Ndipo nikamwendea yule mama mfunza mbwa, nikamwambia nataka mbwa mkali. Akanitazama kama nimemtukana. "Mzee, mbwa mkali utamwokota jalalani bure. Mimi nakupa mbwa anayesikia. Na wewe usiponisikia mimi, umeweka ndani ya nyumba silaha inayofyatuka yenyewe."

Mwenye kelele hana neno. Huyu aliyenipa hakuwa na kelele, ndiyo maana mama yenu akamwita Kimya. Mchana mmoja nikamkuta mama yenu amelala mkekani, nyayo zake zimegusa mgongo wa mbwa, anakoroma. Mke wangu anakoroma! Nikasimama pale nikalia. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mbwa huyu ni balaa tupu. Alimrudishia mama yenu usingizi, akalala nao mpaka siku aliyolala moja kwa moja.

Sasa wewe Machachari, hili nalisema mbele ya ndugu zako, si kwa kukuaibisha. Lipo neno moja linalomwachia Kimya ashike mtu. Mfunzaji alilichagua makusudi, neno ambalo halitoki mezani wala jikoni, lisije likaponyoka. Silitamki hapa, na mnajua kwa nini. Wewe ulilichukua ukalipeleka getini kuwachekesha rafiki zako, na aliyekuwa akiingia ni jirani yetu fundi cherehani, analeta suruali yangu aliyoipunguza kiuno. Nilikuwa bafuni. Sikusikia mbwa, nilisikia mtu. Nikatoka na sabuni machoni, nikakuta mkono wa jirani umo kinywani, na wewe unapiga kelele, "Toka! Wacha! Mwachie bwana!" na kila ulivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kukaza, maana alidhani ugomvi umekolea. Nikasema "Legeza," mara moja tu. Akalegeza. Akakaa chini, akaniinulia macho, na mpaka leo macho yale huniamsha, kwa sababu hayakuwa ya mbwa aliyekosa. Alikuwa anangoja kusifiwa.

Mchezea mbwa huingia naye msikitini, lakini wewe uliingia naye katika mwili wa mtu. Jirani sasa anakatia kitambaa kwa mkono wa kushoto. Hatusalimiani. Na wewe mkubwa ukaongeza chumvi kwenye kidonda, ukasema barabarani kwamba anajitia ulemavu. Mkishanizika, nendeni kwake nyinyi wawili, msitume mtu, mkae pale atakapowaonyesha hata kama ni kizingitini, na msimwambie kwamba mbwa alimuuma. Mwambieni kwamba mtu wa nyumba hii alisema neno.

Nipeni maji. Hapana, dada yenu ndiye alete. Polepole, mwanangu, pitia ubavuni, usimwinamie. Hivyo hivyo.

Juzi kuna mtu alisimama getini akamuuliza muuza maziwa, "Yule fundi bado yupo?" Hakugonga wala hakuacha salamu. Kimya aliinuka hapa chini, nikasikia mgongo wake ukigusa mbao za kitanda, akabaki amesimama mpaka hatua zile zikapotea. Sijui alikuwa nani. Huenda alikuwa mteja. Lakini tangu hapo nimelala nikihesabu hofu zangu kama mtu anayehesabu watoto: nje kuna watu wanaojua kwamba naondoka, ndani kuna meno, na katikati yupo mjukuu wangu anayejifunza kutembea, anayeshika chochote kilicho mbele yake ili asianguke.

Nimekusikia mkubwa ukisema sebuleni, afungwe mnyororo na apunguziwe chakula ili ukali uzidi. Baba, mbwa mwenye njaa hamjui mwenye nyumba. Nawe Machachari una tajiri wa baa anayemtaka. Huko atafundishwa kuchukia walevi, na walevi ni watu. Simtoi.

Jana mliona wenyewe. Muuguzi alikuja na sindano yake, mimi dawa imenizamisha, Kimya akasimama kati yake na mimi, mdomo umejikunja, hana sauti. Mkubwa ukakimbilia nondo. Ungeipandisha tu ile nondo, mwanangu, leo mngekuwa mnapanga mazishi mawili. Nami nilikuwa nimeshaamka, nasikia yote, ulimi umekuwa kama gogo, siwezi kutamka hata "kaa". Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya wale watu. Ndipo dada yenu akaingia, huyu ambaye tangu utotoni akiona mbwa yeye huvuka barabara kumkwepa. Akasimama upande, hakumkazia macho, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Kimya, njoo kando." Na mbwa akaenda.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kimya ni wa dada yenu. Nampa kwa sababu anamwogopa. Anayeogopa ndiye atakayetazama kama banda limefungwa, ndiye hatamwacha mtoto na mbwa peke yao hata muda wa kugeuza chapati, ndiye atakayemvisha kifunga mdomo kabla ya kufungua geti. Mwanangu, kibao kile cha onyo pale getini kimefifia, kipake rangi upya. Chanjo usiziruke. Mwite yule mama mfunzaji kesho, akufundishe wewe kabla ya mbwa, na akikwambia hufai, usimbishie, mrudishie yeye. Na wewe ndiye utakayelijua neno, ndugu zako na walisahau. Ukiweza kuishi maisha yako yote bila kulisema, utakuwa umemfuga vizuri kuliko mimi.

Sasa... kamba ipo hapo kwenye msumari. Ichukue. Nataka umtoe ningali hai, maana nikikata roho akiwa humu, hamtaingia. Atanilinda na nyinyi wenyewe. Atawazuia msinioshe.

Mwite. Mimi sitamsemesha. Ananitazama, nalijua joto la pua yake mkononi... nikimtazama atabaki. Nageuza uso ukutani. Mwite tena. Usilie, atasikia. Mwite kama jana.

Mungu awape... awape kulala bila kuutazama mlango. Mkubwa, usimpige mdogo wako kwa maneno. Machachari, cheka, lakini chungulia kwanza nani anapita. Mjukuu wangu akue, aulize babu alikuwa nani... mwambieni lolote zuri.

Ametoka? Nasikia kucha zake ukumbini... zinasimama... haya, nenda naye, mama, nenda naye... zinakwenda.

Ametoka.

Basi sogeeni, wanangu. Sasa mnaweza kunigusa.