Douglas Aketch na Nyumba Yenye Kofia

Mchungaji, Mama Apondi, wazee wetu mnaotufuata kwa simu kutoka Ugunja, na ninyi nyote mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala, familia imenipa mimi, Ronnie, mtoto wa kaka wa marehemu, nisome maisha yake, na najua kuna wenye digrii humu wanaojiuliza kwa nini amepewa mtu aliyeacha shule kidato cha pili. Jibu ni kwamba wenye digrii walijaribu jana na kila mmoja alilia kabla ya kufika mwaka wa kuzaliwa, na sauti yangu haijawahi kuniangusha, kwa hiyo nivumilieni, hata mimi nimechoka.

Douglas Aketch alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, karibu na Ugunja, Siaya, mtoto wa nne na wa mwisho katika boma la babu yangu, ndani ya nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, paa lake likishuka chini hivi kwamba mtu mzima aliingia ameinama. Alituambia mara nyingi kwamba katika maisha yake yote hiyo ndiyo nyumba pekee aliyolala mchana wa jua kali bila kutoka jasho, na naomba mlishike hilo paa, nitalirudia.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, akasoma sekondari Kisumu mpaka 1989, kisha akauza mabati na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi mjini humo kwa miaka mingi kuliko alivyopenda kukumbushwa. Tarehe 19 Februari 2002 alishuka Sydney kusomea uhasibu, akamaliza mwisho wa 2004, na hakuutumia hata siku moja, akisema hesabu hazimkaribishi mtu chai.

Baada ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Granville, alipata leseni ya uwakala wa nyumba mwezi Agosti 2008, akaajiriwa katika ofisi karibu na stesheni ya Granville, na hapo alikaa mpaka maradhi yalipomtoa. Wengi wenu mnalala chini ya mapaa aliyowatafutia yeye, na mnakumbuka alivyokuwa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua, akiwaambia hili ni tofali mpaka ndani, hili ni tofali la nje tu na ndani ni mbao, hii ni fibro, vibao vyembamba vya saruji vya baada ya vita, ina asbesto, ishi nayo kwa amani lakini usiitoboe, vumbi lake ni sumu. Alizipenda nyumba za zamani za huku magharibi ambazo ninyi mlizidharau, zile fupi zenye upenu mpana, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, ambayo yeye aliiita kofia, na kila jengo jipya lenye paa jeusi na lisilo na upenu alikuwa analiangalia anasema, maskini, limetoka nyumbani kichwa wazi.

Venant na mkewe Bibiane wako pale nyuma, wasijifiche, maana mwaka 2013 walitaka nyumba ya ghorofa, mpya, paa jeusi, na Baba Mdogo hakubishana nao, aliwapeleka kuiona mchana wa Januari, akafunga madirisha, akawakalisha chini kwenye zulia, akaanza kuwapigia hadithi za Kisumu. Bibiane ndiye aliyesimama kwanza, akasema, "Papa Douglas, humu tutakaangwa bila mafuta." Jioni hiyo hiyo akawapeleka kwenye fibro ndogo ya St Marys, Venant akalalamika kwamba hakuvuka vita na kambi ili aje Australia kukaa ndani ya boksi, na mpaka leo yumo ndani ya boksi, hajaomba kutoka, na picha yao ya harusi imeegemea kabati kwa sababu Bibiane anaogopa kupiga msumari.

Lakini kazi hiyo ilimla. Jumamosi alikuwa anafungua nyumba moja baada ya nyingine, anatabasamu kwa watu walioingia kuangalia tu jikoni kwa jirani yao, na jioni alifika kwake akakaa kwenye ngazi ya mlango, tai imelegea, funguo za watu mfukoni, asiingie ndani mpaka mkewe, Mama Mdogo, amfuate. Siku moja aliniambia akionyeshwa ukuta mmoja zaidi atalia, nikacheka, nikidhani anatania kama mimi.

Alifunga ndoa na Abigail Jepchumba, muuguzi, mzaliwa wa Kapsabet, tarehe 10 Desemba 2005 katika kanisa moja la Blacktown, na kwa kuwa huyu hakujua Kijaluo wala yule hakujua Kikalenjin, nyumba yao ilijengwa kwa Kiswahili. Mungu aliwajalia Apondi mwaka 2007 na Owiti mwaka 2011, ambao Kiswahili wanakisikia chote, hasa mkiwasema, ingawa wanajibu kwa Kiingereza. Mwaka 2010, kabla hajajifunza aliyokuja kuwafundisha ninyi, Baba Mdogo alinunua nyumba Quakers Hill, ghorofa, paa jeusi, bila upenu hata wa kidole, kwa sababu ilifanana na nyumba ya bosi. Ndiyo hiyo mmekaa ndani yake wiki hizi mkiomba na kujipepea na vitabu vya nyimbo, na alivyowajua, angekuwa mlangoni anawauliza kama mmeona sasa.

Mwezi Juni 2024 alianza kuumwa tumbo, madaktari wakagundua saratani ya kongosho, akatibiwa, akapata nafuu kidogo, akachoka, na Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, mchana wa joto, akiwa hospitalini na mkewe na watoto, aliomba pazia livutwe, likavutwa, akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Sasa nifike pale wazee wa Ugunja wanaponisubiri. Kwetu mwanamume akirudishwa hulazwa kwanza ndani ya nyumba yake, ndipo azikwe, na Baba Mdogo, aliyewapa watu wa Sydney nyumba nyingi hivi, kwao hakuwa na hata choo. Alienda 2009, 2014 na 2019, kila mara akapima kiwanja kwa hatua, akarudi akasema mwaka ujao, kwa sababu alikwenda huko kupumzika kutokana na mambo ya nyumba. Baba Mkubwa, kaka yake aliyeko Ugunja, alipiga simu, akasema kwa upole kwamba bila nyumba jeneza litalala uani chini ya hema, na mjane atalilia katika nyumba ya watu, na wengine wenu, kwa nia njema, mkashauri tumzike huku tumalize. Mama Mdogo alisikiliza wote, akasema mtu aliyewafungulia wenzake milango hawezi kulazwa nje kama mzigo, na yeye Mkalenjin hatasimama katika boma la Wajaluo bila mahali pa kuweka kiti.

Basi mimi ambaye hamkunipa hata kazi ya kugawa chai, mimi fundi wa paa, na kwa paa simwoni wa kunitisha kuanzia Granville mpaka St Marys, nikachora nyumba ya vyumba viwili kwenye simu nikaituma. Fundi wa Ugunja akanijibu kwamba siku hizi watu wanaweka paa la kujificha, lile linalozungukwa na ukuta lisionekane, nikamwambia hapana, weka upenu mpana, akasema, "Kijana, hayo ni ya zamani, na marehemu hasikii joto." Mama Mdogo akaichukua simu, akasema, "Fundi, yeye atalala humo usiku mmoja. Mimi nitalala humo kila nikija, mpaka siku nami nitakapoletwa. Weka kofia."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kutudanganya, majirani wa Quakers Hill waliotuachia nafasi za magari yao wiki zote hizi, wenzake wa ofisini Granville waliofunga mlango leo Jumamosi, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kufanya, na vijana wa Ugunja waliochanganya saruji. Tunasafiri naye kesho. Jana ilifika picha ya nyumba, imepigwa saa sita mchana, jua liko juu kabisa, bati linang'aa, na chini yake ukuta wote uko kivulini, na mlangoni pana kiti.

Baba Mdogo, hii hatumwonyeshi mtu mwingine, ni yako, ingia upumzike, Mama Apondi anakuja nyuma yako.