Mgonjwa wa Kila Asubuhi

Basi lilikwenda polepole kwenye mvua nyembamba, vioo vimejaa ukungu, nami nusu nimesinzia. Mbele yangu alikaa binti, na kando yake mzee fundi saa, kapakata kisanduku cha vifaa.

“Mwaka mzima nipo tu kwa wazazi, babu, nasubiri kuanza chuo cha udaktari,” binti alisema. “Baba kila asubuhi ananitungia ugonjwa ili nijifunze. Jumatatu goti, Jumanne sikio. Nampima mapigo, namwandikia maji ya uvuguvugu, tunacheka.”

“Mgonjwa wa bure huyo!” fundi akacheka.

“Alhamisi akasema leo mzima kabisa. Nikamshika mkono kwa mazoea tu. Mapigo yanaruka, babu. Hospitali hataki, eti daktari wake bado hajaanza chuo. Na wiki ijayo naondoka. Nitaondokaje?”

“Mjukuu wangu, saa haiponi kwa kukaliwa kando. Nenda ukasome.”

“Lakini aliye mbali hasikii inaposimama.”

Fundi akafungua kisanduku chake, akakifunga tena. Nami nikafuta ukungu kiooni.

Basi likasimama. Kituoni palikuwa na mwanamume chini ya mwavuli, kajifunga kitambaa kutoka utosini hadi kidevuni, kashika shavu na kugumia kama anayekata roho.

“Leo jino,” binti akanong’ona, akateremka mbio.

Jino hakuliulizia. Alimshika mkono, akaanza kuhesabu midomo ikicheza, na baba akasahau kugumia.