Fundi Pasikali na Themostati Alizozirudisha
Na Asnath wa stoo

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Fundi Pasikali Niyitegeka anavua ovaroli baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Karakana yetu ya Twiyubake, hapa Kasulu, haijazoea kufungua geti bila kumkuta amesimama nje anasema "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, kwa kila apitaye. Tangu awe fundi mkuu, alikosekana wiki ile tu aliyolazwa hospitali ya Kabanga kwa nimonia, na hata huko alikuwa anapiga simu kuuliza nani amechukua jeki yake.

Alianza mwaka 1994 akiosha vipuri. Akawa fundi injini, akaenda kufungua tawi letu la Kibondo, kisha akarudi kuwa fundi mkuu. Wa enzi hizo wanaikumbuka redio yake iliyoshika stesheni moja tu ya Burundi. Karakana nzima ilicheka vichekesho vya redio hiyo, hata Mansuri kutoka Tanga, ambaye hakuelewa neno la Kirundi lakini alijua pa kucheka.

Kwa sisi wenye watoto wachanga, aliweka sheria: mtoto akiwa stoo, hakuna kuwasha injini chini ya paa. "Sukumeni nje. Huyo mapafu yake bado mapya." Wanaume walinuna, walisukuma. Watoto wetu wamelala salama katikati ya maboksi ya vichujio. Kwa hilo peke yake, Baba, asante.

Lakini habari yake kubwa ni Noah ya Mama Pelagia.

Mama Pelagia Mpawenimana wa Kibondo ni mjane, na gari lake ni hilo moja, la petroli. Alikuwa na mkataba wa kuwapeleka wauguzi kwenye kambi ya wakimbizi. Mwaka jana shirika lililomkodi likaleta sharti jipya: kila gari lipimwe moshi kwa mashine. Noah ikafeli. Ikabaki nafasi moja tu. Ikifeli tena, mkataba unakwenda kwa mwingine. Akaileta Kasulu kwa Fundi wake wa zamani.

Fundi akaanza na yaliyo rahisi, kama kawaida yake. Akachomoa plagi: nyeusi kama sufuria ya maharage. Maana yake petroli inaingia nyingi, haiungui yote. Akaweka plagi mpya na kichujio kipya cha hewa. Akakagua bomba la moshi, halijatoboka. Akaangalia masega, yale ya kusafisha moshi ambayo wengi huyatoa wakayauza, yalikuwepo, mazima. Akabadilisha sensa ya oksijeni, kile kihisi cha kwenye bomba la moshi. Bado mashine tuliyoazima ikasema sumu imezidi.

Loyce wa umeme akatania, "Baba, hii Noah inavuta sigara sisi tukiondoka."

Mama Pelagia hakucheka. "Fundi, wanangu niwaambie nini?"

Kesho yake asubuhi, kwenye baridi yetu hii, Fundi akawasha gari akashika mpira wa juu wa rejeta. Ukawa vuguvugu mapema mno, na haukupata moto kabisa. Mshale wa joto nao ukabaki chini. Akafungua mahali pa themostati. Patupu.

Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Kikitolewa, kwenye milima hii injini inabaki na baridi. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza imeamka, inaendelea kuilisha petroli ya ziada, na masega hayapati moto wa kusafisha. Mafundi wengi walifundishwa kwamba kifaa hiki ni cha Ulaya, huku kwetu kinachemsha injini, kitupwe.

Fundi akamgeukia mwenye gari, sote tukisikia. "Mama, niliitoa mimi, kule Kibondo. Nilidhani nakusaidia."

Mama Pelagia akajibu, "Irudishe basi. Maneno baadaye."

Ikarudishwa. Gari likaenda Kibondo, likafika lina moto wake, likapimwa, likapita. Mpaka leo linabeba wauguzi.

Sisi tulidhani yameisha. Kumbe Fundi alianza kuwapigia simu wateja wake wa zamani, wa Buhigwe, wa Gwarama, kila aliyekumbuka kumtolea themostati. Wengine walimcheka: "Si wewe uliyesema ni uchafu?" Akajibu, "Ni mimi. Lete gari." Ndivyo alivyoimaliza miezi yake ya mwisho, na hakuna aliyemtuma.

Amebaki Mwalimu Brighton wa Buhigwe, anayeapa kwamba Corolla yake itachemka. Huyo, Fundi, tuachie sisi. Tutamfuata hadi shuleni kwake. Wewe nenda ukapumzike na wajukuu, ule ushibe, na Mungu akutunzie mapafu yako, kama ulivyotutunzia ya watoto wetu.