Mama Hapana na Kazi Aliyoichagua

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza dada yangu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na asubuhi hii wakubwa wa ukoo wameniomba nisome kwa kifupi na niyaruke mambo ya kazini, eti msibani si mahali pa kufukua yaliyopita. Nimewasikia, na kwa heshima zote nimekataa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baba mdogo, ambaye anatajwa humu, nilimfuata mapema nikamsomea sehemu inayomhusu. Akasema, "Soma." Basi nasoma.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Februari 1971, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba yetu, fundi viatu, na mama yetu, aliyekuwa akifua nguo katika hoteli iliyo nyuma ya stesheni ya reli. Tulikulia nyumba ya kupanga yenye vyumba tisa na bafu moja. Kila asubuhi pale mlangoni palikuwa na ugomvi, mpaka siku moja watu wazima wakarushiana ndoo. Marehemu, akiwa na miaka kumi na mmoja, alikaa kwenye ngazi ya ua wiki nzima na daftari lake, akiandika nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Kisha akabandika karatasi mlangoni: zamu ya kila chumba, na chini yake sheria moja tu, kwamba anayechelewa hasubiriwi, anakwenda mwisho. Mlinzi mmoja aliyeishi chumba namba saba aliichana siku hiyo hiyo, akasema hapangiwi kuoga na mtoto. Kesho yake ndoo zilirushwa tena, na jioni yule mlinzi akaja mwenyewe kwa baba kuuliza kama mtoto anaweza kuandika nyingine. Tulipohama mwaka 1986 karatasi ilikuwa bado ipo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1978, kisha sekondari ya wasichana, ambako alishika nafasi ya kwanza katika hisabati miaka yote. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja ya msaada, iliyofunikwa kitambaa cha mezani katika chumba cha taipureta, na ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu. Marehemu alipoomba kuitumia aliambiwa haikuletwa kuchezewa na watoto. Akauliza ni nani anayepiga deki chumba kile. Hakukuwa na mtu. Akajitolea, na kwa miaka miwili sakafu ya chumba cha taipureta ilikuwa safi kuliko ya ofisi yoyote. Mwalimu wa hisabati alijua kinachoendelea, akanyamaza, Mungu ambariki.

Mwezi Juni mwaka 1991, katika wiki moja, zilifika barua mbili. Ya kwanza ilimpa nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Ya pili ilitoka chuo cha ufundi, stashahada ya kompyuta, miaka mitatu. Baba mdogo alikuwa daktari wa meno pekee katika ukoo, mwenye kliniki ya viti viwili. Kiti cha pili alikinunua akimfikiria yeye. Kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Macho ya baba yalikuwa yameanza kumsaliti, hata uzi kwenye sindano hakuweza tena kuupenyeza, kwa hiyo kila mtu alijua barua ile ya kwanza ilikuwa na maana gani kwa nyumba yetu. Baba mdogo alizungumza vizuri. Alisema jino halikosi mteja, na kwamba huyu binti atatutoa.

Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba mdogo, nashukuru sana. Lakini nikishika jino la mtu nitakuwa nafikiria kitu kingine. Na mwenye jino ana haki ya kutibiwa na mtu anayelifikiria jino lake."

Baba mdogo alisema sikio la kufa halisikii dawa, akaondoka, chai yake ikabaki mezani. Hakukanyaga kwetu kwa miaka minne. Mtaani walisema binti wa fundi viatu ameipiga teke riziki na kuwakalia wazazi kichwani. Mwaka huo huo kijana wa jirani aliacha nafasi ya uhasibu akaenda kusomea urubani, na yeye wakamwita jasiri. Mtoto wa kiume akichagua ana msimamo, wa kike akichagua ana kiburi. Nami nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeshaahidiwa viatu vipya na shule ya bweni, nikakaa wiki tatu bila kumsemesha. Nayasema haya mbele yenu ili pasiwe na mtu wa kudhani ninawanyooshea wengine kidole huku mimi mwenyewe nikiwa msafi.

Aliajiriwa hospitali kubwa ya umma tarehe 1 Novemba 1994. Ofisi yake ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, kisicho na dirisha. Kazi yake, kwa maandishi, ilikuwa kutunza mashine. Kwa vitendo aliitwa kila karatasi ilipokwama kwenye printa, na madaktari aliosoma nao sekondari walimpita kwenye korido kama wanavyopita ndoo ya deki. Mshahara wake haukufika hata nusu ya mishahara yao. Sikumsikia akilalamika, ila mara moja aliniambia kwamba anapoingia chumba kile na kuwasha mashine, anajisikia kama mtu aliyefika kwake.

Mwaka 1998 mtoto wa mwaka mmoja alifia wodini. Uzito wake ulikuwa kilo nane na nukta moja, mtu wa dirisha la dawa akaandika themanini na moja, lebo ikatoka, dawa ikatolewa. Hakuna aliyemhusisha marehemu na jambo hilo. Alijihusisha mwenyewe. Alimwendea mfamasia mkuu, mama mmoja mkali aliyeogopwa hospitali nzima, akamwomba muda wake wa chakula cha mchana. Kwa miezi saba wale wanawake wawili walikula wima, wakipanga jedwali la umri, uzito na kiwango cha mwisho cha kila dawa. Kuanzia Machi 1999, uzito usipolingana na umri, skrini iliandika neno moja, HAPANA, na chini yake: Pima tena. Lebo haikutoka. Wauguzi walinuna mwanzoni, ndipo wakamwita Mama Hapana. Baadaye walipoona watoto wanaookolewa na neno lile, jina lilibaki, lakini likitamkwa kwa sauti nyingine.

Kabla ya hayo, tarehe 14 Desemba 1996, alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga chapa. Walikutana alipokwenda kuagiza lebo za dawa. Shemeji alizitazama akamwambia herufi ni ndogo mno, mzee hataweza kuzisoma, na kwamba hachapi kitu ambacho hakisomeki. Marehemu alirudi nyumbani akatuambia amekutana na mtu anayeifikiria kazi yake. Walijaliwa watoto wawili. Karatasi mliyoshika mkononi ameichapa yeye jana, mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa.

Sasa nafika pale nilipoombwa nisifike.

Mwaka 2012 alikuja mkurugenzi mpya. Foleni ya dawa ilikuwa ndefu na wananchi walilalamika, akaamua kinachochelewesha ni lile neno HAPANA. Akaagiza liondolewe. Marehemu aliingia kikaoni na saa na daftari, kama alivyokaa ngazini utotoni, akaonyesha kwamba onyo lile linachukua chini ya dakika moja, na kwamba foleni inatokana na madirisha matano ambayo matatu yake hayafunguliwi. Mkurugenzi hakutazama daftari. Alimwambia, mbele ya wakuu wa idara wote, "Wewe ni fundi wa mashine. Hukusomea dawa."

Marehemu akajibu, "Ni kweli sikusomea. Ndiyo maana niliwauliza waliosomea, wakanijibu, nikaandika. Mimi siwezi kuliondoa. Atakayeliondoa aandike jina lake."

Jioni ile aliandika barua ya kurasa mbili ya kuonya kuhusu kuliondoa neno lile, akaipeleka masjala, akasubiri nakala yake igongwe muhuri. Wiki iliyofuata alihamishiwa ghala la magodoro. Mwanamke aliyeandika programu iliyolinda watoto wa hospitali nzima kwa miaka kumi na tatu aliwekwa kuhesabu magodoro na foronya. Onyo liliondolewa na fundi mwingine kwa mchana mmoja tu, na foleni, ndugu zangu, ilibaki vile vile.

Agosti 2014 mtoto wa kike wa miaka mitatu, mwenye kilo kumi na moja na nusu, aliandikiwa kilo mia na kumi na tano. Sindano alizochomwa zilimharibu masikio. Alipona homa, lakini hasikii hadi leo. Na hospitali ilitoa taarifa kwamba kumetokea hitilafu katika programu iliyoandikwa na mtumishi wa ndani asiye na taaluma ya tiba. Hawakuandika jina, lakini kila mtu alijua ni nani. Magazeti yakachukua. Watu wakaja kusimama nje ya geti la nyumba yake. Mtoto wake wa mwisho aliitwa shuleni mwana wa muuaji.

Ndipo ukoo ukaitisha kikao. Nilidhani tunakwenda kumpa pole. Baba mdogo alimwuliza, "Ungekaa kwenye kile kiti changu, leo nani angekujua?" Wengine wakatikisa kichwa. Hakuna aliyeuliza kama taarifa ile ilikuwa ya kweli. Nakala yenye muhuri ilikuwa ndani ya mkoba wake, magotini pake, na hatukumpa hata nafasi ya kuufungua. Mimi mwalimu, ninayewafundisha watoto wa watu kuuliza maswali, nilinyamaza. Nilitazama zulia.

Tume ya uchunguzi ilikaa mwezi Oktoba. Aliyemtetea ni mfamasia mkuu, ambaye alikuwa ameshastaafu na akitembea kwa mkongojo. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akaweka jedwali la zamani mezani, akawaambia wajumbe kwamba programu hiyo ilikuwa na akili mpaka walipoing'oa akili. Barua yenye muhuri ikasomwa. Ripoti ilimsafisha marehemu katika ukurasa wa arobaini na moja. Hakuna gazeti lililofika ukurasa huo. Mkurugenzi alihamishwa, tena kwa cheo kikubwa zaidi. Januari 2015 marehemu alirudishwa kwenye chumba chake kisicho na dirisha, akarudisha onyo lile siku ya kwanza. Barua ya kumrudisha ilikuwa na mistari mitatu. Neno samahani halimo, nimeitafuta nikaisoma mwenyewe.

Kitu ambacho wengi wenu hamkijui ni kwamba alimtafuta mama wa yule mtoto. Alikwenda nyumbani kwao akiwa tayari kufukuzwa, na mara ya kwanza alifukuzwa kweli. Alirudi na ile barua, akamsomea. Yule mama alilia, kisha akamkaribisha ndani. Baada ya hapo marehemu alijifunza lugha ya alama akiwa na miaka arobaini na minne, pamoja na mtoto yule, darasa moja. Msichana huyo leo ana miaka kumi na mitatu. Amekaa mstari wa mbele, na maneno haya anayafuata kwenye karatasi kwa macho yake. Ni kwa ajili yake nilisema sitafupisha.

Marehemu alianza kuumwa mwishoni mwa mwaka 2022. Vipimo vilionyesha saratani ya ini. Alifanya kazi hadi Septemba 2023, akimwachia mwenzake kila kitu kwa maandishi, na wa mwisho kumtembelea ofisini walikuwa wauguzi wa wodi ya watoto, waliomletea kiti chenye mto. Mtoto wake wa mwisho, ambaye ni daktari wa meno katika kliniki ile ile ya baba mdogo, ndiye aliyemuuguza. Nimesikia tangu juzi watu wakisema chini kwa chini kwamba kijana amerekebisha kosa la mama yake. Naomba msiliseme tena mbele yangu. Alipomwambia mama yake anataka kusomea meno, mama alimwuliza swali moja, kama anayapenda. Kijana akasema anayapenda. Mama akacheka hadi akashika mbavu, akamwambia aende, na asimwangalie usoni mtu yeyote wa ukoo kabla ya kuamua.

Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, baba mdogo alikuja kumwona. Walikaa wawili tu. Sijui alisema nini, na sikuuliza. Najua kwamba nilipoleta chai, safari hii aliinywa.

Dada yetu alifariki Jumatano, tarehe 15 Mei 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mume mpiga chapa, binti mmoja ambaye ni mwalimu wa hisabati, mtoto wa kiume mmoja ambaye ni daktari wa meno, wajukuu wawili, mama mzazi, mdogo wake mmoja wa kiume, na mimi. Ameacha pia neno moja, ambalo hata saa hii tunapozungumza linamzuia mtu fulani dirishani asimdhuru mtoto wa mtu mwingine, na wote wawili hawatajua.

Mungu ampe dada yangu pumziko la amani, ile amani ambayo sisi watu wake tulikuwa na uwezo wa kumpa akiwa hai, na hatukumpa.