Njia Mbili za Fridah kwa Siku Moja

Mgeni rasmi, Bwana Cheruiyot, mkurugenzi wa mradi wetu, karibu Endebess. Tope umejionea mwenyewe, hatutaliongeza kwenye risala hii.

HISTORIA

Sisi ni wahudumu wa afya wa kujitolea. Tunawapelekea wagonjwa dawa majumbani. Mwaka jana mlitupa vifaa vidogo vya GPS vya kunasa njia tunazopita, mkaagiza vifungwe kwenye mfuko wa dawa na visitolewe. Mwaka huu mkasema tuwashe na GPS ya simu zetu pia, ofisi ilinganishe njia.

MAFANIKIO

Yapo. Kifaa hakina kioo, kinapepesa taa tu, lakini chaji yake inadumu na mtandao hakiuhitaji. Simu inaonyesha ramani vizuri, ila inazima mchana, na tukipanda kuelekea mlimani inashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka na kutukaribisha Uganda. Ukituuliza kipi bora, leo tutajibu hivi, kesho vile.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tumechanganyikiwa.

Mwezi wa tano mwenzetu Fridah Nakhungu alifiwa na mama yake huko Bumula. Hapa kwetu mtu akifiwa, jirani humkamulia ng'ombe na kumpalilia mahindi. Kwa hivyo mhudumu mwenzetu Roselyne alibeba mfuko wa Fridah, na wagonjwa wakapata dawa. Kifaa kilikuwa pale pale mfukoni, kama mlivyoagiza. Simu Fridah alisafiri nayo. Ofisi ilipofungua ramani ikamwona anazunguka Endebess, na saa hizo hizo amesimama Bumula kando ya kaburi. Akaitwa mdanganyifu, akasimamishwa kazi.

Alirudi kutoka ofisini Kitale akaketi kwenye benchi la zahanati. Alirudia siku ile yote kichwani akitafuta mahali alipokosea, asipaone, na hilo lilimuuma kuliko kusimamishwa.

"Si walisema kifaa kisitoke kwa mfuko?" alituuliza. "Na simu, ati ningeiacha nyumbani siku ya kuzika mama? Sasa nimedanganya wapi, bana?"

Sote tulidhani kifaa kinafuata dawa. Hakuna aliyetuambia kinafuata mtu. Siku hizi wengine wetu wanakibeba hadi kanisani, wengine wanaogopa hata kukigusa.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika makoti ya mvua, mabuti na chaja za sola. Tumeyafuta yote. Tunaomba Fridah arudishwe kazini. Halafu mtuambie ni kifaa au ni simu, kimoja tu, na kinamfuata nani.

Yuko pale nyuma, mwenye leso ya kijani. Mfuko alinyang'anywa, lakini wagonjwa wake bado anawaendea kwa miguu, mikono mitupu, kuhakikisha wamemeza dawa. Safari hizo hazimo kwenye kifaa wala kwenye simu. Tumeona uzisikie kutoka kwetu.

Mungu akufikishe Kitale salama, na aulainishe moyo wako kabla hujafika.

Ni sisi,
Wahudumu wa Afya wa Kujitolea, Endebess.
Imesomwa na katibu, Hillary Wamalwa.